Mpiga Hesabu za Ndege wa Bombambili

Msiba wa siku moja unaliza, msiba wa siku tano unachosha. Nasema bila kuona haya, maana mimi ndiye niliyesimamia masufuria siku zote tano, na miguu yangu ilivimba mpaka nikawa navaa kandambili za mume wangu. Watu walikuwa wamelia mpaka machozi yamekauka, wamekula maharage mpaka wameyachukia, na bado marehemu yuko mochwari Peramiho, anamsubiri mwanawe.

Jina langu Judica. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Mpare wa Same, na serikali ilinileta Songea miaka kumi na minne iliyopita, nadhani ikanisahau. Nyumba yangu hapa Bombambili inapakana na ya Mzee Fulgence. Kati yetu kuna ua wa michongoma tu, nao una tundu ambalo mkewe, Mama Notburga, alikuwa akinipitishia mboga. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Na kwa kuwa mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuzikana, ratiba ya mazishi ilikuwa mikononi mwangu.

Lakini ninayetaka kumsimulia si Mama Notburga, Mungu ampumzishe. Ni mumewe.

Mzee Fulgence alikuwa mtu wa hali ya hewa katika uwanja wetu wa ndege kule Ruhuwiko. Kwa miaka thelathini na mmoja alitoka nje kila saa ya zamu yake, akatazama mawingu, akasoma kipimajoto na upepo, akaandika kwenye daftari, kisha akatuma kwa redio kwenda Dar es Salaam. Zilikuwapo enzi ambazo wiki nzima ilipita bila ndege kutua, mbuzi wakalala kwenye njia ya kurukia, lakini mawingu yalisomwa. "Wingu halijui kama ndege inakuja au haiji," alipenda kusema. Yeye mwenyewe hajapanda ndege hata siku moja. Alizijua safari za angani kama padri anavyoijua ndoa, yaani kila kitu, ila hajaingia.

Marubani waliokuwa wakingoja mvua ipite aliwauliza maswali. Kutoka mji huu mpaka ule ni kilometa ngapi? Mnakwenda saa ngapi? Upepo mkiwa nao mbele inakuwaje? Yote aliyaweka kichwani. Alipostaafu alikuja nyumbani na tufe la dunia alilopewa na bruda mmoja, mtawa wa Peramiho, lenye ufa katikati ya bahari ya Pasifiki. Ramani ya ukutani inadanganya, alitufundisha, kwa sababu dunia si karatasi. Basi alichukua uzi wa cherehani ya mkewe, akauvuta juu ya tufe kutoka mji hadi mji, akaupima kwa rula, akapata kilometa zake. Alizigawa kwa mia nane na hamsini, ambao ndio mwendo wa ndege kubwa kwa saa, akaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Hapo alikohoa kidogo na kusema, "Hiyo ni ndege. Sasa tuhesabu safari."

Msomaji atauliza mtaa wa watu wa kawaida unahitaji hesabu hizo kwa kazi gani. Ni kwa ajili ya kuzika. Huku kwetu mzazi hazikwi mpaka mwanawe afike kumtia udongo, awe yuko Mbinga awe yuko Marekani, na siku hizi watoto wametawanyika. Katika msiba wa kina Mapunda tuliuliza simu. Simu ikasema Guangzhou mpaka Dar ni saa kumi na moja hewani, basi familia ikatangaza kanisani kwamba mazishi ni kesho. Marehemu akatolewa mochwari, ng'ombe akachinjwa, padri akaja na kanzu yake. Binti akatokea baada ya siku mbili, amekwama njiani mara mbili, viatu mkononi. Aibu ile ilitufundisha. Tangu siku hiyo hakuna msiba wenye mtoto wa nje uliotangazwa kabla Mzee Fulgence hajavuta uzi, na tangu siku hiyo hakukosea hata mara moja. Aliyeambiwa atafika Alhamisi saa tano, alifika Alhamisi saa tano na robo, na mzee akaomba radhi kwa hiyo robo.

Alikuwa na majivuno yake, nisimpake mafuta. Ukimletea hesabu ya kwenye simu alikutazama kama mtu aliyeletewa ugali mbichi. "Mume wangu anajua umbali wa kila mji duniani," Mama Notburga alikuwa akinicheka kwenye tundu la michongoma, "lakini mtume sokoni uone, atapotea."

Walijaliwa mtoto mmoja tu, Tadei. Alikwenda Toronto kusoma miaka kumi na mmoja iliyopita na hajarudi hata kwa likizo. Akaoa huko, wakapata binti, wakampa jina la bibi yake, na bibi akawa anamwona kwenye simu kila Jumapili baada ya misa. Babu yake mzaa mama alipofariki, Tadei hakuja. Alisema mambo ya viza. Watu walinyamaza, lakini huku kunyamaza si kusahau.

Mama Notburga alifariki Jumamosi alfajiri baada ya kuugua miezi minne. Jumatatu ukoo ulikaa kikao pale uani, na aliyesimama ni Daudi, kaka wa marehemu, mkulima wa Lusewa, mtu mrefu ambaye hata akikunong'oneza siri mtaa wa pili wanaisikia.

"Safari ya babu yake tulivumilia," alisema. "Tulisema mtoto yuko mbali, mtoto ana masomo. Sasa huyu ni mama. Kama Tadei hatakuja kumtia udongo mama yake, mimi mjomba sina mpwa. Na jina lake lisitajwe tena katika ukoo huu, yeye wala uzao wake."

Wazee wakaitikia kwa Kingoni. Maneno sikuyaelewa, sura zao nilizielewa.

"Atakuja," Mzee Fulgence alijibu. "Amenipigia. Anaondoka kesho."

Akaenda ndani, akarudi na tufe. Nilidhani labda safari hii atamwachia mtu mwingine, maana marehemu ni mkewe, lakini nani mwingine? Akavuta uzi mbele ya waombolezaji wote na mimi nikaandika kwenye karatasi ya manila niliyoitoa shuleni. Toronto mpaka Istanbul, kilometa elfu nane na mia mbili, saa kumi hewani. Istanbul mpaka Dar es Salaam, kilometa elfu tano na mia nne, saa saba. Anaondoka Jumanne saa nne usiku ya kwao, ambayo huku ni Jumatano saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa sisi tuko mbele yao saa saba. Anatua Istanbul Jumatano saa tisa alasiri.

"Istanbul saa zao na zetu ni moja," aliniambia, "hapo usiongeze wala usipunguze."

Jioni anapanda ya Dar, anashuka usiku wa manane wa kuamkia Alhamisi. Ndege ya kuja Songea siku hiyo hakuna, basi anapanda basi la alfajiri, anaingia Songea saa tatu usiku. Mazishi Ijumaa saa nane mchana. Nikabandika karatasi ukutani karibu na mlango, na chini yake nikaandika kwa marka nyekundu, "Udongo wa kwanza: Tadei." Daudi akaja akaisoma taratibu, kidole kikifuata herufi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatano asubuhi tulikuwa tumechoka kupita kiasi. Ilikuwa Julai, baridi ya Songea inang'ata, waliolala uani wameamka wanakohoa kwa moshi. Wanawake wawili waligombana kwa sababu ya mwiko. Ujumbe wa Tadei ulikuwa umeingia alfajiri, "Nimeshapanda," na mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda amejifunika blanketi, midomo inacheza. Nilijua anafuatana na ndege. Sasa wako juu ya bahari, sasa bado bahari.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Mzee huongea simu ikiwa kwenye spika, maana masikio yake yaliharibiwa na injini za ndege, kwa hiyo ua mzima ulisikia.

"Baba, nimefika Istanbul salama. Nangoja ndege ya kuja Dar."

Pakawa na kishindo cha faraja. Bibi mmoja akasema, "Mungu mkubwa," Daudi akapiga makofi mara moja, pa! Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na beseni la maharage kiunoni, na karatasi yangu ya manila iko usoni pangu. Istanbul, saa tisa alasiri. Nikahesabu kwa vidole chini ya beseni. Alfajiri saa kumi na moja mpaka saa nne asubuhi ni saa tano. Kilometa elfu nane na mia mbili kwa saa tano? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Tadei ilikuwa imepungua nusu nzima.

Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa ananitazama mimi.

"Pole na safari, mwanangu," akasema kwenye simu, akakata.

Mimi ningekuwa yeye ningepiga kelele. Yeye alikunja blanketi vizuri, akaliweka juu ya kigoda, akazunguka nyuma ya jiko polepole kama mtu anayekwenda chooni. Nilimfuata na beseni langu, nikajifanya namwaga maji. Aliniona na hakunifukuza. Alipiga simu tena.

"Tadei."

"Naam, baba."

"Huko uliko kumekucha?"

Juu yetu jua lilikuwa limeshapanda, kuku wanaparura majivu, na kama Tadei angekuwa Istanbul, jua lingekuwa juu kwake vilevile.

"Bado, baba," sauti ikasema. "Bado giza."

Mzee alifumba macho. Nami nilikasirika, kisha nikasikia mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita analia kwenye simu, hasira ikaniishia mikononi kama maji ya beseni.

"Sijaondoka, baba. Nilifika mpaka uwanja wa ndege na begi langu, nikakaa kwenye viti, nikarudi nyumbani. Karatasi zangu za kuishi huku ziliisha zamani. Nikitoka nchi hii hawaniruhusu kuingia tena, na mtoto simwoni tena. Nilimficha mama. Nilidhani nitapata ujasiri. Nikadhani nikisema niko njiani nitalazimika kwenda."

"Ulitaka kutufikisha Ijumaa ukiwa hapo kitandani?"

"Sijui, baba. Sijui nilitaka nini. Niambie nifanye nini."

Mzee Fulgence aliegemea ukuta wa jiko. Sijawahi kumwona mtu amechoka namna ile, na nimeona walimu wa mwezi Novemba wakisahihisha mitihani.

"Lala," akasema. "Usimpigie mtu mwingine yeyote. Akikupigia mjomba wako usipokee mpaka nikuambie. Yaliyobaki niachie."

Alipoirudisha simu mfukoni akaniambia, "Mwalimu, umesikia."

"Nimesikia, mzee."

"Hukusikia."

"Basi sikusikia. Lakini waambie ukweli, baba yangu. Mtu hana karatasi, atafanyaje? Wataelewa."

"Daudi hajui karatasi," akasema. "Daudi anajua udongo. Na yule mjukuu naye afutwe? Ana jina la marehemu."

Kwetu Same nako tuna akina Daudi.

Alirudi uani akasimama katikati, mbele ya mikeka. Watu wakanyamaza wakidhani anataka kuwaongoza sala.

"Ndugu zangu," akasema, "naomba mnisikilize. Nimekosea hesabu."

Hakuna aliyeelewa. Hata mimi sikuelewa mara moja.

"Ndege ya jioni ya leo kutoka Istanbul, niliyowaandikishia, haipo. Nilihesabu ndege ambayo haipo. Inayofuata ni Jumapili. Tadei angefika hapa Jumatatu usiku, tukazika Jumanne, na mama yake amekwisha lala kwenye barafu siku tano. Sitaki alale nyingine sita. Kwa hiyo nimemwambia arudi alikotoka. Alikataa, amelia, nimemlazimisha kama baba. Tutazika kesho saa nane. Kosa si la mtoto. Kosa ni langu."

Daudi aliinuka. Alikuja mpaka usoni kwa shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Miaka yote hii unawahesabia watu," alisema. "Wa Mapunda, wa kina nani, watu wamekuja mpaka kutoka Namtumbo kukuuliza. Leo ya dada yangu ndiyo umekosea?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mtoto yuko nusu ya njia, amekuja kumzika mama yake, na wewe unamrudisha?"

"Ndiyo."

"Uzee umekuharibu kichwa, Fulgence."

"Huenda."

Kilichofuata sipendi kukikumbuka. Watu waliokuwa wamechoka kwa siku tano walipata pa kuweka uchovu wao. Mmoja akasema tufe lenyewe lina ufa, alitegemea nini. Mwingine akasema bora simu. Vijana waliokuwa wanapasua kuni wakacheka. Bibi aliyesema Mungu mkubwa sasa akasema masikini Tadei, masikini mtoto, amefika mpaka karibu hivi. Na mzee alisimama pale akiyapokea, kichwa chini, akijibu "ndiyo" na "kweli" na "nisameheni". Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na maneno saba tu ya kuwanyamazisha wote, nikayameza na yalipita kwa shida kuliko dawa ya minyoo.

Jioni alinijia karibu na masufuria.

"Mwalimu, badilisha karatasi."

"Niandike nini kwenye udongo wa kwanza?"

"Acha wazi."

Tulimzika Alhamisi, makaburi yakiwa yamejaa upepo na vumbi jekundu. Misa ilikuwa fupi, padri alikuwa na mazishi mengine. Jeneza liliposhuka, katekista alifungua karatasi yangu, akaona pale pa wazi, akasita.

"Udongo wa mtoto wa marehemu," akasema. "Nani anamtilia?"

Daudi alikuwa ameshikilia koleo. Alinyoosha mkono wake mrefu akamwonyesha Mzee Fulgence mbele ya watu wote.

"Autie yeye aliyemzuia," akasema. "Na nyote mshuhudie. Mpwa wangu hana kosa. Jina lake liko palepale lilipokuwa, yeye na mtoto wake. Mwenye kosa ni huyu."

Watu wakaitikia, na wazee wakarudia kwa Kingoni.

Mzee alikwenda kwenye ukingo wa kaburi. Magoti yake ni mabovu, nikamshika kiwiko ili ainame. Akachota udongo wa kwake mwenyewe, wa mume, akautia bila kusema neno, wakamwacha kwa kuwa kila mtu ana namna yake. Kisha akachota mwingine. Huu aliushika kwa muda mrefu, mpaka Daudi akakohoa. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia.

"Mama," Mzee Fulgence alimwambia mkewe, "ni mimi, Tadei. Nimeshindwa kuja. Nisamehe, mama, ni mbali."

Akafungua mkono.